Chumba cha Kompyuta cha Shule Kimlinde Mwanafunzi Kabla ya Mashine

Soma kanuni zilizobandikwa kwenye mlango wa chumba cha kompyuta wa shule nyingi za sekondari. Vua viatu. Usiingie na chakula wala maji. Usiguse nyaya. Usiingie bila mwalimu. Si kanuni mbaya, lakini karibu zote zimewekwa kwa ajili ya mashine: isiingie vumbi, isimwagikiwe soda, isiibwe. Za kumlinda mtoto anayeikalia mashine hiyo ni chache, na moja kati ya hizo za mlangoni humweka pabaya zaidi.

Ni hiyo ya viatu. Vumbi letu, hasa lile jekundu la kiangazi, huziba feni za kompyuta kweli, kwa hiyo mwalimu ana hoja. Shida ni kwamba sakafu ni ya saruji, imepigwa deki asubuhi hiyo hiyo, na mwanafunzi ana soksi au miguu mitupu. Kiatu kikavu chenye soli ya mpira huuzuia umeme kupita mwilini kwenda ardhini; mguu mtupu juu ya saruji yenye unyevu huufungulia njia. Sisi tunaofundisha ufundi umeme tukiitwa shuleni kukagua chumba, lalamiko la wanafunzi huwa hili: "Hii kompyuta inapiga shoti." Mwalimu hucheka kidogo na kusema si shoti, inatekenya tu.

Haitekenyi bure. Ndani ya pawa saplai ya kompyuta ya mezani, yaani kile kisanduku kinachoilisha umeme, mna kichujio kinachovujisha umeme kidogo sana kwenye kasha la chuma, na umeme huo unatakiwa uondoke kupitia waya wa ethi, ule wa kijani na njano, hadi kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini nje ya jengo. Ethi ikikatika, umeme unabaki kwenye kasha. Kwa kompyuta moja utasikia mtekenyo. Lakini zikichomekwa kumi kwenye ekstensheni zilizounganishwa, makasha yote yanashikana kupitia pini za ethi, na mvujo wa kompyuta zote kumi unamwishia yule mmoja atakayegusa chuma akiwa hana viatu. Hapo bado hatujafika kwenye baya lenyewe. Siku waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, utakapochubuka na kugusa kasha, volti 230 zitakaa pale pale alipozoea kuweka mkono, na fyuzi haitakatika kwa sababu njia ya ardhini haipo. Kompyuta ikianza kutekenya, mwalimu azime swichi kubwa ya chumba, afunge mlango na kuita fundi. Kipindi kinaweza kuendelea darasani kwa chaki na ubao.

Kuhusu viatu, kama vumbi ni tatizo kweli, vivuliwe, ila wanafunzi wavae ndala za mpira zinazobaki humo humo chumbani, au pawekwe mkeka wa mpira chini ya meza. Na deki ipigwe jioni, baada ya kipindi cha mwisho, sakafu ipate usiku mzima wa kukauka.

Ethi yenyewe hupotea kwa njia ambazo hazionekani haraka. Fimbo ya shaba huko nje huchimbuliwa na wauza vyuma chakavu. Adapta nyingi za bei rahisi zina pini ya tatu ya plastiki, ya kujazia tundu tu. Halafu kuna peni. Kila mtu ameshaona jambo hili: plagi ni ya pini mbili, soketi ni ya matundu matatu, basi kifuniko cha peni kinadungwa kwenye tundu la juu ili vizuizi vya matundu ya chini vifunguke, na plagi inasukumwa ndani. Mtoto amejifunza nyumbani kwa wakubwa wake, na shuleni anafanya bila kificho. Huyo hatakiwi kuchapwa, anatakiwa kuonyeshwa kuwa vile vizuizi viliwekwa kwa ajili ya vidole vyake.

Kama shule ina fedha ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu, ushauri wangu ni kile kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, cha miliampea 30, kifungwe kwenye laini inayolisha chumba hicho. Chenyewe hupima umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua, maana yake unavujia mahali, pengine kwa mtu, nacho hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kina kitufe chenye herufi T. Kibonyezwe kila mwezi, na kisipokata kibadilishwe. Kikikata mara kwa mara bila sababu inayoonekana, asije mtu akakiruka kwa kuunganisha waya moja kwa moja ili "umeme usisumbue". Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, si ya kishoka aliyepita getini.

Ekstensheni huua kwa namna nyingine, ya moto. Soketi moja ya ukutani hubeba ampea 13, yaani karibu wati 3,000. Kompyuta ya mezani na skrini yake bapa hula kati ya wati 100 na 200, kwa hiyo kompyuta 10 ni sawa. Ongeza printa ya leza, ambayo inapopasha moto roli yake inaweza kuvuta wati 1,000, kisha mwalimu achomeke birika la chai la wati 2,000, na umepita. Tena hapo nimechukulia ekstensheni ni nzima. Nyingi zinazouzwa barabarani zimeandikwa 13A lakini waya wake ni mwembamba kama wa taa. Baada ya nusu saa ya kipindi, gusa plagi kwa mgongo wa kidole: ikiwa moto, au pini zake zimefanya weusi, hiyo ni ya kutupa. Ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine, na ile ya kuviringisha ikunjuliwe yote kabla ya kutumika, kwa sababu waya uliobaki umejiviringa hupata joto na hauna pa kulitolea.

Moto ukishika, swali ni mlango. Chumba cha kompyuta ndicho mara nyingi chenye nondo nyingi kuliko vyote shuleni: nondo madirishani, geti la chuma mlangoni, kufuli mbili. Tunawaogopa wezi, na tuna sababu. Lakini Machi 2001, katika Sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya, wavulana 67 walikufa bwenini. Moto ule ulichomwa na watu, si hitilafu ya umeme. Kilichowamaliza wengi ni mlango uliofungwa na madirisha yenye nondo. Mwongozo wa usalama shuleni ambao Wizara ya Elimu ya Kenya iliutoa mwaka 2008 unataka milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na nondo. Shule isiyoweza kuziondoa itengeneze walau dirisha moja lenye nondo za bawaba zinazofunguka kutokea ndani, na kufuli yake itolewe kabla ya wanafunzi kuingia. Geti lisifungwe kamwe wakiwa ndani, hata kama ni kuwazuia wachelewaji.

Mtungi wa kuzimia moto uwe wa kaboni dayoksaidi, wenye alama nyeusi, na ukae karibu na mlango. Usishike pembe yake ya plastiki, ile inayotokea gesi, unapopuliza, gesi hutoka na baridi ya kuunguza ngozi. Maji yasikaribie. Moto ukizidi kasha moja, acheni kila kitu mtoke. Namba ya zimamoto Tanzania ni 114.

Shule zinazopokea kompyuta za msaada zigeuze kila kasha nyuma kabla ya kulichomeka. Zilizotoka Marekani, hasa za zamani, zina kiswichi chekundu kilichowekwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu italipuka kwa kishindo na moshi. Monita za kichogo zisifunguliwe na mwanafunzi hata zikiwa zimechomolewa, maana zinaweza kuhifadhi maelfu ya volti.

Kuhusu macho, wazazi huuliza sana habari za miale. Skrini bapa hazina miale ya kutisha, na miwani ya kompyuta inayotembezwa mitaani ni kupoteza hela bure. Kinachoumiza macho ni kwamba mtu akikodolea skrini hupepesa kidogo kuliko kawaida, macho yakakauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 mwalimu asimamishe kazi, wote watazame mti ulio mbali huko nje kwa sekunde 20. Skrini ziwe ubavuni mwa dirisha, zisitazamane nalo wala zisilipe mgongo. Kompyuta 30 hutoa joto la pasi tatu za umeme zilizoachwa zinawaka, na chini ya bati saa 8 mchana hakuna anayejifunza. Vipindi vya kompyuta vipangwe asubuhi.

Viti vya shule havirekebishiki, kwa hiyo miguu isiyofika chini iwekewe tofali au boksi, na skrini iliyo chini iinuliwe kwa vitabu hadi ukingo wake wa juu ulingane na macho. Watatu wakitumia kompyuta moja, wabadilishane nafasi kila dakika 10, la sivyo wa pembeni atatoka na shingo iliyokakamaa. Na mwanafunzi ambaye kila kipindi amesogeza pua karibu kugusa skrini, asikemewe. Huenda haoni mbali, na ubaoni anakisia. Mzazi aandikiwe ampeleke kliniki ya macho, na walimu wengine waambiwe wamketishe mstari wa mbele mpaka miwani ipatikane.