Jim Reeves hakuimbia ukumbi, aliimbia maiki

Vijana wanaokuja kurekodi muziki wa kantri hapa studio, Eldoret, huja na ombi moja: "Fundi, nataka sauti ya Jim Reeves." Kisha anasimama hatua nzima kutoka kwenye maiki, anajaza kifua, anapaza sauti kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Huwa namwacha amalize. Halafu namwekea Mexican Joe, wimbo wa 1953.

Wengi hubisha kwamba huyo ni mtu mwingine. Sauti iko juu, ina mbio, inachekacheka. Lakini ndiye Reeves, na ndio wimbo uliomfikisha nambari moja ya kantri Marekani kwa mara ya kwanza. Ile sauti ya hariri tunayomjua nayo ilikuja baadaye, tena kwa kuitafuta.

Alizaliwa 1923 Galloway, mashariki mwa Texas. Alianza na besiboli, akasajiliwa kama mrushaji mpira katika timu ndogo za St. Louis Cardinals, hadi jeraha la neva likamtoa uwanjani. Akawa mtangazaji wa redio, kwanza Texas, baadaye KWKH ya Shreveport, Louisiana. Wanaosimulia maisha yake hupapita hapo haraka. Mimi naamini ndipo alipofundwa. Mtangazaji mzuri hahutubii umati. Anazungumza na mama mmoja aliye jikoni anaosha vyombo, na akimpigia kelele mama huyo atazima redio.

Mwaka 1955 alijiunga na kampuni ya rekodi ya RCA, akaanza kufanya kazi na mtayarishaji Chet Atkins huko Nashville, kitovu cha muziki wa kantri. Februari 1957 wakarekodi Four Walls. Atkins aliuona kuwa wimbo wa mwanamke, Reeves akaung'ang'ania. Siku hiyo alishusha sauti na kuisogelea maiki mpaka midomo ikakaribia kuigusa. Wapo waliolalamika pale RCA kwamba mtu haimbi hivyo. Atkins akamtetea, na wimbo ukapanda hadi nambari moja.

Nieleze kilichotokea pale. Maiki nyingi za studio, ukizisogelea sana, hukuza besi kuliko sehemu nyingine za sauti. Mtu akinong'ona karibu nayo anasikika mzito na mpana kuliko alivyo, na msikilizaji anahisi ameongeleshwa sikioni. Ila ukaribu una gharama. Weka kiganja mbele ya mdomo useme "papa". Umeusikia huo upepo? Kwenye maiki ni kishindo. Kila pumzi na kila mate yanayomezwa yanaingia. Kwa hiyo mwimbaji wa karibu lazima atawale hewa yake kuliko anayepaza. Kijana niliyemrekodi juzi alirudia ubeti mmoja mara tisa kwa sababu ya herufi "p" tu.

He'll Have to Go, wa 1959, ndio ninaoutumia kufundishia. Joe Allison na mkewe Audrey waliutunga kutokana na tabia ya Audrey ya kuongea chinichini kwenye simu, hadi mumewe amwombe asogeze mdomo. Katika wimbo, mwanamume yuko baa, anampigia mpenzi wake simu, na huko kwa mpenzi yuko mwanamume mwingine. Mtu wa namna hiyo hapigi kelele, walevi watamsikia! Hapo maiki imegeuka kuwa simu yenyewe. Nyuma yake kuna vibrafoni na piano ya Floyd Cramer, vyote vikimpisha. Ulitolewa kama upande wa pili wa santuri, watangazaji wakaugeuza, ukakaa nambari moja ya kantri wiki 14.

Wapo waliosema Nashville iliiua kantri kwa kuiondolea fidla na kuijazia waitikiaji laini. Hawakukosea kabisa, nyimbo zake nyingine zina sukari nyingi mno. Lakini ulaini huo ndio uliomvusha bahari. Mwaka 1962 alizuru Afrika Kusini, iliyokuwa chini ya ubaguzi wa rangi, akarudi kuigiza katika filamu ya Kimberley Jim, na akarekodi hata kwa Kiafrikana. Huku kwetu hakuhitaji kuja: albamu yake ya Krismasi ya 1963 bado naisikia kila Desemba.

Tarehe 31 Julai 1964 alikuwa akirusha mwenyewe ndege ndogo ya injini moja kurejea Nashville, pamoja na mpiga piano wake Dean Manuel. Wakaingia kwenye mvua ya radi karibu na Brentwood, ndege ikaanguka. Miili ilipatikana baada ya siku mbili. Hakuwa ametimiza miaka 41.

Mjane wake, Mary, aliendelea kutoa nyimbo zilizobaki kwenye kanda. Distant Drums ilikuwa rekodi ya majaribio tu. Ikaongezewa vyombo, na 1966 ikawa nambari moja Uingereza. Mwaka 1981 mafundi walichukua sauti yake na ya mwimbaji wa kantri Patsy Cline, ambaye pia alikufa kwa ajali ya ndege, nyingine, mwaka 1963, kutoka rekodi mbili tofauti, wakaziunganisha ziwe wimbo mmoja. Wawili hao hawakuwahi kurekodi pamoja. Nimevaa vipokea sauti usiku mwingi nikitafuta mshono wa kazi ile, na bado sijauona.