Fundi wa kuseti mashine ya makopo habonyezi kitufe tu

Wengi wakiona video ya kiwanda cha makopo, mamia yakipita kila dakika, husema mashine inajiendesha na fundi anabonyeza kitufe. Kitufe ni cha mwendeshaji. Fundi wa kuseti alishafanya kazi yake kabla ya hapo, na huenda akairudia mchana huohuo.

Chukua mfuniko wa kopo la nanasi. Haugundishwi kwa gundi wala hauchomelewi. Rola ya kwanza ya mashine, gurudumu dogo la chuma, hukunja ukingo wa mfuniko na kuuingiza chini ya ukingo wa kopo; ya pili huukandamiza mkunjo huo. Huo ndio mshono: pana matabaka matano ya bati, na ndani yake utando laini wa kuziba upenyo. Rola ikisogea sehemu chache tu za mia za milimita, mshono hulegea, au hubanwa mno mpaka bati likapasuka. Kwa macho, kopo zima na bovu mara nyingi hufanana.

Ndiyo maana fundi huchukua makopo ya sampuli, akaufumua mshono, akaupima kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene, na kukagua mikunyanzi ya ukingo uliokunjwa. Mikunyanzi ikiwa mirefu, rola ya pili haijakaza. Bati jipya likija na ugumu tofauti kidogo, seti ya jana haifai tena. Na mshono ukivuja, vijidudu huingia chakula kikiwa kimeshapikwa, wala hakipikwi tena kiwandani.

Kamera na vihisi hukamata kasoro nyingi, sikatai. Ila kujua ni rola gani imechakaa, au beringi gani imelegea, bado ni kazi ya fundi mwenye spana.