Kusubiri mzuka, na uongo mwingine tunaoambiana waandishi

Mwaka jana mwezi wa saba, Moshi ikiwa kwenye ile baridi ya kutoa mvuke mdomoni, nilisimamisha simulizi yangu sehemu ya 23. Wasomaji wa grupu la WhatsApp walilia arosto siku nne, ya tano wakahamia kwa mwandishi mwingine. Mimi nikabaki nauza taa na nyaya dukani, karibu na soko la Mbuyuni, nikiamini kipaji kimeisha. Mpaka Krismasi sikuwa nimeandika hata sentensi moja. Kila niliyemweleza alikuwa na jibu lake, na mengi ya majibu hayo hayakuwa kweli. Mengine nilijidanganya mwenyewe.

"Subiri mzuka urudi"

Huu ndio ulionigharimu zaidi. Tunaongea kana kwamba hadithi ni pepo: hupanda likitaka, na asiyepandwa hana la kufanya ila kungoja ngoma. Kumbe mara nyingi hamu huja baada ya kuanza kuandika. Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Boice, alilipima jambo hili katika utafiti uliotoka 1983. Aliwagawa wahadhiri makundi matatu: wa kwanza walibanwa kuandika kila siku, wa pili waliandika wakijisikia, wa tatu waliambiwa wasiandike ila kwa dharura. Waliobanwa, siku wasipoandika, pesa yao ilikwenda kwa taasisi wanayoichukia. Fikiria shabiki wa Simba akichangia Yanga! Kundi hilo ndilo lililojaza kurasa nyingi kuliko mengine, jambo ambalo halishangazi. Kilichonishangaza ni kwamba ndilo pia lililopata mawazo mapya kwa wingi zaidi. Ni kweli wale walikuwa wahadhiri, si watunzi wa riwaya, lakini kwangu limefanya kazi.

Januari nilijiwekea dakika 20 kila alfajiri, kabla makondakta wa vifodi hawajaanza kuita abiria. Siku za mwanzo nilitoa takataka. Kuna siku niliorodhesha vitu vilivyokuwa mezani: kikombe, chaja, risiti ya luku. Siku ya tisa yule mama wa kwenye simulizi, niliyemwacha kituo cha basi tangu Julai, akauliza mbona gari limechelewa. Nikacheka peke yangu gizani.

"Mwandishi wa kweli hana shaka na kazi yake"

Mwaka 1978 Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu wanawake wasomi, wenye mafanikio yanayoonekana, ambao ndani yao waliamini wamewadanganya watu na siku moja watagundulika. Kwa hiyo shaka peke yake haithibitishi kwamba huna uwezo. Halafu angalia tunavyojilinganisha: rasimu yako ya usiku wa manane unaiweka pembeni ya kitabu cha mwenzio kilichopita kwa mhariri na kuandikwa upya mara kadhaa. Mashindano gani hayo?

Mimi nimejifunza kutofautisha shaka mbili. Ile inayosema "hii sura imelegea, mazungumzo ni marefu" naikaribisha, maana inanionyesha pa kushika. Ile inayosema "wewe si mwandishi" haina sentensi ya kurekebisha, basi naiacha iongee huku naendelea. Mchapishaji mmoja alikaa na muswada wangu miezi 14 bila neno, na muda wote huo ni shaka ya pili iliyokuwa ikinisomea barua ambayo hakuna aliyeiandika.

"Umri umekwenda," na dada yake, "acha kazi kwanza"

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar 1948. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, Nobeli ikaja 2021. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, kisha akaendelea na ajira nyingine za serikali. Tuendelee.

"Pesa ikiingia, hamu itarudi"

Hapa nitawaudhi wenzangu wa simulizi za kulipia. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti wakichora, baadaye walipoachwa wachague wenyewe la kucheza, walichora kidogo kuliko wengine. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hamu yao haikupungua. Nilipoanza kutoza 2,000 kwa simulizi nzima, nilijikuta naangalia ujumbe wa miamala mara nyingi kuliko naangalia wahusika. Bado natoza, luku hailipwi kwa sifa. Ila sehemu mpya naiandika simu ikiwa imezimwa.

"Ni uvivu tu"

Wakati mwingine ndiyo, nakiri. Lakini kama wiki mbili au zaidi huna raha na chochote, si kuandika tu, na usingizi na chakula vimeharibika, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa na unatibika. Nenda hospitali, hadithi itasubiri.

"Umekauka"

Hili nililipeleka Kibosho nilipopanda kula Krismasi. Mama alikuwa shambani, mikahawa yake mwaka ule ilikuwa na buni za kuhesabu. Nikamwambia mti huu nao umezeeka, ung'olewe.

"Baba, huu mwaka jana ulizaa mpaka matawi yakalala," akasema. "Sasa uzae tena, ule saa ngapi?"

Ndivyo mkahawa ulivyo. Mwaka wa mzao mkubwa mti unamaliza nguvu kwenye matunda, unabakiwa na kidogo cha kukuza matawi ya mwaka unaofuata. Nikakumbuka nilivyotoa sehemu 23 ndani ya wiki nane, bila kusoma kitabu hata kimoja, bila kukaa kijiweni kusikiliza watu wakibishana. Niliporudi mjini nilianza kwa kusoma. Kuandika kulifuata Januari, kama nilivyosema.

Siku hizi naacha sentensi katikati makusudi, ili kesho yake nisikutane na ukurasa mweupe. Jana niliishia hapa: "Gari likafika, mlango ukafunguliwa, na aliyeshuka wa kwanza alikuwa"