Dawa ni bure, nauli je? Maswali ya watu wa Tanga kuhusu VVU na vikundi vya jamii

Dawa za kufubaza VVU si hutolewa bure? Vikundi vya nini tena?

Ni bure tangu 2004. Nauli ndiyo haijawahi kuwa bure. Tena wapo wanaoiruka zahanati ya jirani wakaenda hadi hospitali ya mkoa ya Bombo ili wasionekane, na kwa mvuvi siku ya kliniki ni siku ya kutoingia baharini. Vikundi vya WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, hupunguza mzigo huo. Mwenye hali nzuri hupewa dawa za miezi 3 au hata 6, na kwingine mhudumu huzileta kijijini, wanakikundi wakazipokea pamoja.

WAVIU mshauri ni daktari?

La. Anaishi na VVU, anameza dawa hizohizo, na amefundishwa kushauri wenzake. Hapangi dozi. Ukipitisha tarehe, yeye ndiye anayekupigia simu. Daktari atakwambia umeze kila siku. Huyu atakwambia namna ya kumeza ukiwa umelala kwa wakwe. Mimi naona hilo la pili ndilo gumu zaidi.

Mume wangu anakwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, miezi miwili. Dawa zikimwishia?

Aiambie kliniki kabla ya kuondoka, mama, apewe za kutosha, na kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, asiiache nyumbani. Zikipungua aende kituo chenye CTC kilicho karibu, iwe Kilwa au Mafia, aseme yuko safarini. Asingoje kurudi Tanga. Wala asiazime vidonge vya mwenzake: huenda si dawa moja, na wote wawili watapungukiwa. Dawa zikikatika virusi huzaliana upya, na vinaweza kuwa sugu. Kopo lifungwe vizuri, mbali na jua na maji ya chumvi.

Nikijiunga na kikundi, mtaa mzima hautajua?

Hofu hiyo naielewa; huku tunajuana. Sheria ya Ukimwi ya 2008 inamkataza mhudumu kutoa siri yako, lakini haifiki barazani. Basi uliza kwanza: mnakutana wapi, na daftari la majina anakaa nalo nani? Jibu likikutia shaka, baki na kliniki yako. Kujiunga si sharti la kupata dawa.

Nikimeza vizuri, nitamwambukiza mwenzangu?

Wingi wa virusi ukipimwa visigundulike, na vikabaki hivyo, humwambukizi kwa kujamiiana. Kipimo cha kwanza huwa miezi 6 baada ya kuanza dawa. Kunyonyesha ni habari nyingine. Hilo kamuulize muuguzi.