Watupaji wa pointi tatu na wachezaji wasiotupa kwa mbali: dhana potofu kuhusu kikapu cha wanaume vyuoni Marekani

Dhana: Jaza uwanja watupaji wa pointi tatu, huzuiliki.

Ukweli: Hesabu yake inashawishi. Anayefunga asilimia 35 ya mitupo ya mbali huleta wastani wa pointi 1.05 kwa mtupo. Anayefunga nusu ya mitupo ya pointi mbili huleta 1.00. Ila mtupo mzuri wa mbali huanzia chini ya kikapu: mtu apenye, avute mkabaji wa pili, ndipo mpira utoke kwenda kona. Mkabaji wa pili asipovutika, mtupaji hapati nafasi.

Fainali ya ubingwa wa vyuo ya 2024, kati ya Purdue na UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), ilionyesha hilo waziwazi. Purdue walikuwa na Zach Edey chini ya kikapu na watupaji hodari pembeni. UConn wakamwachia Edey mtu mmoja, wengine wakaambiwa wasibanduke kwa watupaji. Edey alifunga pointi 37. Purdue walitupa mara 7 tu kutoka mbali, ukaingia 1, wakalala 75–60. Na UConn hao walimwanzisha Stephon Castle, ambaye msimu huo hakufikisha hata asilimia 30 ya pointi tatu. Aliwekwa akabe, apenye, agombee ribaundi (mipira iliyokosa kuingia).

Dhana: Asiyejua kutupa kwa mbali anabana uwanja, akae benchi.

Ukweli: Kinachobana ni mahali anaposimamishwa. Vyuoni, tofauti na NBA (ligi ya kulipwa ya Marekani), hakuna sheria inayomkataza mkabaji kukaa zaidi ya sekunde 3 katika eneo la chini ya kikapu. Tena eneo lenyewe lina upana wa mita 3.66, wakati la NBA ni mita 4.88. Mweke asiyetupa kwenye kona, na mkabaji wake atamwacha, aende kujiegesha mbele ya kikapu. Hapo mnashambulia wanne dhidi ya watano.

Msimamishe kwenye mstari wa mwisho wa uwanja, nyuma ya kikapu, hatua moja nje ya eneo hilo, awe tayari kupokea pasi na kudanki. Au aende kumwekea skrini mtupaji wenu bora, yaani asimame amzibie njia mkabaji wa mtupaji huyo: mkabaji wake mwenyewe, aliyebaki chini ya kikapu, hatafika kwa wakati kuuzuia mtupo. Akiona mkabaji wake amegeuza kichwa kufuata mpira, akate papo hapo kuelekea kikapuni.

Mmoja wa namna hiyo anabebeka. Wawili, pamoja na mchezaji mrefu ambaye naye hatupi, ni msongamano, labda mmoja wao awe mpiga pasi mzuri anayepokea mpira karibu na mstari wa mitupo huru (mitupo ya adhabu, isiyokabwa).

Dhana: Kusogezwa kwa mstari wa pointi tatu kulipunguza thamani ya watupaji.

Ukweli: Msimu wa 2019–20 mstari ulitoka mita 6.32 hadi 6.75. Mtupaji anayefika huko humtoa mkabaji mbali zaidi, na wapenyaji wakapata uwanja.

Dhana: Asilimia kubwa ndiyo alama ya mtupaji.

Ukweli: Mitupo 12 kati ya 28 ni asilimia 43. Punguza mitatu tu iliyoingia, imebaki asilimia 32. Kabla ya kumpa mtu jina la mtupaji, tazama anatupa mara ngapi kwa mchezo na mitupo yake huru ikoje; anayefunga asilimia 80 ya mitupo huru kwa idadi kubwa ana mkono wa kuaminika. Wapinzani nao hawamfuati mtu kwa sababu ya takwimu zake, wanamfuata kwa sababu anathubutu kutupa.

Dhana: Mkabaji bora ndiye wa kumaliza mchezo mkiwa mbele.

Ukweli: Inategemea mkono wake kwenye mitupo huru. Kuanzia faulo ya 7 ya timu katika kipindi, aliyechezewa faulo hupata mtupo huru wa pili endapo tu amefunga wa kwanza. Ikifika ya 10, anapata miwili moja kwa moja. Wapinzani watamtafuta mtupaji wenu dhaifu wamchezee faulo. Mpira ukiwa wenu, mtoe mkabaji huyo kama mkono wake si mzuri, aingie mtupaji. Kumrudisha akabe kunahitaji mchezo usimame, kwa hiyo taimauti moja (ombi la kusimamisha mchezo) ibaki mfukoni hadi dakika ya mwisho.