Chumvi na pH: Kwa Nini Mita Haisomi 7 Kila Mara

Weka vikombe vitatu vya maji safi mezani. Cha kwanza yeyusha sodiamu kloridi, yaani chumvi ya kawaida. Cha pili tia sodiamu asetati, na cha tatu amoniamu kloridi. Katika kemia zote tatu huitwa chumvi; zote ni nyeupe na zote huyeyuka zikaacha maji maangavu, hivyo kwa macho huwezi kujua kipi ni kipi. Mita ya pH ndiyo itakayokuambia: pH ni kipimo cha uasidi, chini ya 7 ni asidi na juu yake ni besi, yaani kinyume cha asidi. Kwa mmumunyo wa moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa chembe), katika nyuzi 25 za Selsiasi, cha kwanza kinapaswa kuwa na pH 7, cha pili karibu 8.9, na cha tatu karibu 5.1.

Wengi hushangaa, kwa sababu darasani tulikariri kwamba asidi ikikutana na besi hupatikana chumvi na maji. Sentensi hiyo ni sahihi. Kosa ni lile tunaloliongeza wenyewe kimoyomoyo: kwamba zikishauana nguvu, kinachobaki si asidi wala besi.

Tuanze na maji. Molekuli chache mno za maji hujigawa zikatoa ioni, yaani chembe zenye chaji: ioni ya haidrojeni, ambayo pia huitwa protoni na hudakwa mara moja na molekuli jirani, na ioni ya haidroksidi. Katika nyuzi 25, kila moja ya ioni hizo ina ukolezi wa moli 0.0000001 kwa lita. Namba ya namna hiyo inachosha kuandika, na mwaka 1909 mkemia Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alipendekeza ihesabiwe kwa logi. Sifuri zote zile zikawa 7. Kwa kuwa ni logi, kushuka kwa hatua moja ni kuongezeka kwa ioni za haidrojeni mara kumi. Kwa hiyo kikombe cha tatu kina ioni hizo takriban mara 80 kuliko cha kwanza. (Na hiyo 7 si namba takatifu. Maji safi yakipashwa hadi nyuzi 60, pH yake hushuka hadi karibu 6.5, wala hayajawa asidi, maana haidroksidi nayo imeongezeka kwa kiasi kilekile.)

Sasa tuje kwenye neno linalopotosha watu kuliko yote: dhaifu. Asidi dhaifu si asidi iliyozimuliwa kwa maji mengi. Haidrokloriki ni asidi kali kwa sababu ikiingia majini huachia haidrojeni zake karibu zote. Asidi asetiki, ile ya kwenye siki, ni bahili: katika mmumunyo wa moli 0.1 kwa lita, ni molekuli kama 13 tu kati ya 1,000 zinazoachia. Zilizobaki zimeshikilia.

Siri yote ya chumvi imo katika ubahili huo. Wakemia Brønsted na Lowry, kila mmoja kwa njia yake, walieleza mwaka 1923 kwamba asidi ni mtoaji wa protoni na besi ni mpokeaji. Asidi inayoshikilia protoni kwa nguvu, ikinyang'anywa, mabaki yake hubaki yanaitamani. Ioni ya asetati ndivyo ilivyo: huipora molekuli ya maji protoni, na nyuma inabaki haidroksidi. pH hupanda. Inayofanikiwa kupora ni ioni moja tu kati ya 13,000 hivi, lakini maji safi yana haidroksidi kidogo sana kiasi kwamba hiyo moja inatosha kuisogeza pH karibu hatua mbili. Kloridi, mtoto wa asidi kali, haina hamu hiyo. Amoniamu nayo, iliyotokana na besi dhaifu amonia, hufanya kinyume: huyapa maji protoni, na pH hushuka.

Ndiyo maana sipendi kuwakaririsha watu jedwali la chumvi. Kila chumvi ina wazazi wawili, asidi na besi; uliza tu ni upande upi una mzazi dhaifu. Kama wote wawili ni dhaifu, linganisha udhaifu wao. Katika amoniamu asetati unakaribia kulingana kabisa, na pH hurudi kwenye 7. Kaboneti hupora kwa pupa zaidi ya asetati: sodiamu kaboneti, inayotiwa kwenye sabuni za unga, hufika pH 11 na zaidi. Alumini kloridi huwachanganya hata wanaojua, kwani haina haidrojeni hata moja, na bado mmumunyo wake huwa na pH karibu 3. Ioni ya alumini ni ndogo, ina chaji tatu, na huyavuta maji yaliyoizunguka kwa nguvu mpaka yenyewe yanaachia protoni.

Kuna mahali ambapo jambo hili ni la usalama. Maji ya klorini ya kung'arishia nguo ni mmumunyo wa chumvi pia, sodiamu haipokloraiti, na mzazi wake ni asidi dhaifu. Yakichanganywa na dawa ya choo yenye asidi, haipokloraiti hupokea protoni na gesi ya klorini hutoka, gesi inayounguza mapafu. Usiyachanganye kamwe.

Ukijaribu vikombe vyako, usishtuke kikombe cha kwanza kikisoma 6 au hata chini kidogo. Mita si mbovu. Maji yaliyokaa wazi hunyonya kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na yakinyonya ya kutosha hufika pH 5.6. Yachemshe dakika kadhaa, yafunike yakipoa, ndipo utie chumvi na upime tena.