Leseni ya NEMA kwa maghorofa ya karibu na steji: ni nini hasa wanapima?

Ukipita karibu na steji hapa Nakuru lazima utakutana na mjengo, mabati yamezungushwa ploti nzima, ndani shimo, nje bango lenye jina la kontrakta, la akitekti, la injinia, na huko chini kabisa nambari ya leseni ya NEMA, ile mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira. Watu wengi wakiona hiyo nambari wanajua ni mambo ya miti, ati NEMA walikuja wakaangalia kama kuna mti umekatwa wakaenda zao. Miti iko ndani, ndio, lakini kwa ploti ya town ambayo mti wa mwisho ulikatwa zamani, miti ni kurasa chache tu za ripoti.

Hiyo leseni inatoka kwa kitu inaitwa tathmini ya athari kwa mazingira, wenye mjengo wanaiita EIA. Kabla hujachimba msingi unaandika mradi wako utafanyia nini hapo mahali na watu wako hapo, unaandika utapunguza vipi huo ubaya, halafu NEMA wanasoma na kuamua wakupe leseni, wakunyime ama wakupe na masharti. Shida ni hilo neno kabla, juu wengine wanachimba kwanza makaratasi yanafuata. Sheria yenyewe ya mazingira ni ya 1999, ikarekebishwa 2015, na Katiba ya 2010 kifungu cha 42 inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, kwa hivyo huombi msaada ukiuliza maswali.

Sasa jengo la matumizi mseto ndio lina kazi. Chini kuna bucha, saluni, hoteli ya chipo, duka la hadwea, juu nyumba za kukodi, na steji iko pale mlangoni. Kila moja inatoa uchafu wake: bucha inatoa damu na maji ya kuosha meza, hoteli inatoa mafuta ambayo yakipoa ndani ya bomba yanakuwa kama sabuni ya kipande, saluni inatoa kemikali, na hizo zote zinakutana na maji ya vyoo vya watu wa juu. Tathmini inayojielewa itauliza mtego wa mafuta utajengwa wapi na nani atakuwa akiuosha. Pia inaangalia upande ule mwingine, yaani mahali patamfanyia nini mtu wa kukaa humo, manake huyo wa fasti floo atalala vipi na makanga ameanza kuita abiria saa kumi na moja asubuhi na mat iko chini ya dirisha injini inanguruma moshi unapanda?

Kwa Nakuru mimi huenda moja kwa moja kwa maji. Hii town imelala kwenye mteremko, juu mlima Menengai, chini ziwa, na ziwa Nakuru halina mahali pa kutokea, kinachoingia kinabaki. Ndilo lile la heroe, liko kwa orodha ya Ramsar, ile ya dunia ya ardhi oevu muhimu, tangu 1990. Chukua ploti iliyokuwa na familia mbili, weka nyumba 120, kila nyumba watu watatu, hao ni watu 360 wanaoga na kuflashi kwa bomba lililowekwa la wale wachache. Likijaa, manholi inafumuka pale chini kwa majirani, sio kwa mwenye jengo. Na hiyo paa na pakingi ya simiti inamaanisha mvua haiingii ardhini tena, inashuka kwa barabara na takataka zote za steji mpaka chini.

Kuwa karibu na steji kuna uzuri wake, siwezi kataa. Mpangaji hahitaji gari, anashuka mat anapanda ngazi. Kule California, Amerika, sheria yao ya hii tathmini ni ya 1970, na kwa miaka mingi majirani waliitumia kupinga nyumba kwa sababu ya magari na pakingi, mpaka 2013 wakabadilisha, kwamba nyumba ikiwa ndani ya mji na karibu na treni ama basi la mara kwa mara, uhaba wa pakingi hauhesabiwi tena kama athari kubwa kwa mazingira. Kwa pakingi nakubaliana nao. Lakini hapa kwetu mtu akisema tulegeze tathmini yote juu kuna steji karibu, mimi nitauliza majitaka yanapita wapi kwanza.

Halafu kuna kitu watu hawajui: mtaalamu anayeandika ripoti ana leseni ya NEMA lakini anayemlipa ni mwenye mradi. Ndio maana wananchi lazima waulizwe. Kanuni za tathmini za 2003 zilisema mradi mkubwa wa kufanyiwa utafiti kamili uwe na mabango, tangazo la gazeti wiki mbili mfululizo, redio, na angalau mikutano mitatu na watu watakaoguswa. Mradi mdogo una ripoti fupi, na huko mara nyingi utaona kijana na fomu za maoni. Mimi mmoja wao aliwahi kunikuta mlangoni nikifua, akauliza kama mradi utaleta ajira, nikasema labda, nikamuuliza manholi ya hapa kona ambayo hufura kila mvua itabeba aje hizo nyumba zote, akaangalia fomu, hakukuwa na nafasi ya hilo swali. Akatiki "anaunga mkono" akaniambia niweke sahihi. Nilikataa nikaandika swali langu nyuma ya karatasi, na wewe andika hata kama ni kwa pembeni, juu hizo fomu huwa zinaambatanishwa na ripoti.

Na kama leseni imeshatoka, kuna Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, ile ndogo wanaita tribunali, unakata rufaa ndani ya siku 60, kwa hivyo ukiona mabati yamesimama leo piga picha ya bango uone na tarehe.